Usaili umeisha, programu 7 za ubingwa wa tiba ya dharura Marekani: nizipange vipi kabla orodha haijafungwa?

#1 Mbezi_Usiku, 9 Februari 2025

Wakuu habari. Usaili wa mwisho nimemaliza juzi. Zote saba nimefanya kwa video, nimekaa kwenye meza ya chakula ya dada yangu hapa Mbezi, kuanzia saa kumi jioni mpaka saa nne usiku kwa sababu ya tofauti ya masaa. Mwanzoni mwa Machi orodha ya vipaumbele ya Mechi, ule mfumo unaowapangia waombaji programu za kusomea ubingwa, inafungwa, na ukishaithibitisha, popote utakapopangiwa unafungwa napo. Hakuna kurudi nyuma.

Majina sitaji. A ni hospitali kubwa ya kaunti upande wa magharibi, inapokea kila mtu mwenye bima na asiye nayo, miaka 4. B ni chuo chenye jina linalojulikana mpaka na bibi yangu, miaka 3. C iko mji wa kawaida Kentucky, miaka 3, wagonjwa wengi ni wakulima na wakimbizi, wamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. D ni mpya, hospitali ya kitongojini chini ya kampuni kubwa. E, F na G nikifumba macho siwezi kuzitofautisha. Slaidi zilezile, picha zilezile za watu wakipanda milima.

Nina jambo moja kuhusu C. Katikati ya usaili umeme ulikatika. Nikahamia kwenye simu, dada akanimulikia tochi. Bingwa aliyekuwa ananisaili hakuahirisha, aliniuliza: "Hili likitokea ukiwa na mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia, unafanyaje?" Nikamweleza usiku wa hospitali ya mkoa nilipokuwa, tulivyompumulisha mtoto kwa ambu, ule mfuko wa kuminya kwa mkono, kwa zamu dakika arobaini tukisubiri jenereta. Akauliza tulibadilishanaje zamu, nani alikuwa anahesabu. Hakuna programu nyingine iliyoniuliza swali la kazi kama lile.

Ninavyoona mimi, kwenye fani hii jina la chuo linapewa uzito usiostahili. Moyo unasema C. Wakubwa zangu wote wanasema B. Naomba hoja.

#2 Kifaru_Tabora

Nakaa hapa nisome. Niliposikia watu wanaongelea Mechi nikajua ni Simba na Yanga.

#3 Rezidenti_Ohio

Niko mwaka wa pili wa fani hiyohiyo huku. Nakubaliana nawe nusu. Jina lina kazi yake kama unataka ubingwa bobezi baadaye, au utafiti. Lakini kinachokutengeneza uwe daktari wa dharura ni kitu kimoja: mgonjwa mbaya akiingia, nani anashika mrija?

Kuna hospitali zenye jina kubwa ambako ajali ikija wapasuaji wanachukua kifua, watu wa usingizi wanachukua koo, wewe unabaki kuandika. Viwango vya chini vya ACGME, chombo kinachosimamia mafunzo ya ubingwa huku, kabla ya kuhitimu ni mirija ya kupumulia 35, mirija ya kifuani 10, ultrasaundi 150. Programu karibu zote zinafikisha. Ya kuuliza ni mengine: hiyo 35 mtu anaifikisha mwaka wa kwanza au anaikimbizia mwezi wa mwisho? Na ya kifuani, mingapi aliweka kwa mgonjwa na mingapi kwenye sanamu la mazoezi?

#4 Shangazi_Kijitonyama

Mwanangu, weka B. Ukirudi nyumbani kutafuta kazi hakuna atakayeuliza nani alishika mrija. Wataangalia cheti kimeandikwa wapi. Nimekaa kwenye kamati za ajira, najua ninachosema.

#5 Mwana_Intani

Dada angalia usije ukajiumiza. Ukiweka B namba moja na B hawakutaki, C wakiona uliwaweka wa pili watampa mtu aliyewaweka wa kwanza. Bora uanze na wale walioonyesha kukupenda.

#6 Posa_kwa_Namba

#5 umekosea, na ni kosa linalowagharimu watu kila mwaka. Programu haioni uliiweka wapi. Hata kukuuliza hairuhusiwi.

Ichukulie kama posa. Mfumo unapeleka posa yako kwa wa kwanza. Ana nafasi, au wewe ni bora kwake kuliko mmoja anayemshikilia, anakupokea kwa muda. Akija aliye juu yako kwenye orodha yake, anakuachia, na posa yako inakwenda kwa wa pili. Ukifika kwa wa pili unahesabiwa sawasawa na mtu aliyemweka huyo namba moja. Hujachelewa na hujapoteza kitu. Kilichopokelewa hakiwi ndoa mpaka posa zote ziishe.

Mechi yenyewe ilianza 1952, lakini hesabu ya kumpa mwombaji mkono wa kuposa ilitengenezwa upya na Alvin Roth na kuanza kutumika 1998. Roth na Lloyd Shapley wakapata Nobel ya uchumi 2012. Kwa hiyo panga kwa unavyotaka wewe. Kubahatisha nani anakutaka hakukuongezei chochote.

#7 Mwana_Intani

Asante, sikujua. Sasa zile barua pepe za "tumevutiwa sana na wewe" ni za nini?

#8 Rezidenti_Ohio

Barua za kubembeleza. Zisome, shukuru, funga. Rafiki yangu alipata mbili za namna hiyo, akapangiwa ya tano kwenye orodha yake. Walioandika hawakudanganya, walivutiwa kweli. Ila walivutiwa na watu wengi.

#9 Deiwaka_Dallas

Mnaruka suala la pesa. Rezidenti, yaani daktari aliye kwenye mafunzo ya ubingwa, analipwa kama dola 60,000 hadi 75,000 kwa mwaka kutegemea mji. Bingwa wa dharura anavuka 300,000. A ni miaka 4, yaani mwaka mzima anaishi kwa mshahara wa rezidenti wakati mwenzake wa B au C ameshaanza kulipwa. Huo ni mtaji wa nyumba mbili Kigamboni. Miaka 4 ni anasa.

#10 Mbezi_Usiku

#9 nimelifikiria. Ila siku zilezile tunazopanga orodha, ACGME wametoa rasimu ya kutaka programu zote za dharura ziwe miezi 48. Ikipita, hoja ya miaka 3 inakufa yenyewe.

#11 Rezidenti_Ohio

Ni rasimu, bado watu wanatoa maoni, na kelele ni kubwa. Usiipange orodha kwa sheria ambayo haijapita. Ila usiidharau A kwa sababu ya mwaka mmoja. Angalia walioko miaka 4: Denver, Highland ya Oakland, Bellevue ya New York, Cook County ya Chicago, Los Angeles General. Hizo ni hospitali za watu maskini zenye wagonjwa wabaya, na mwaka wa nne wewe ndiye unaendesha idara. Upande wa pili Hennepin ya Minneapolis ni miaka 3 na hakuna anayesema wanatoa watu wabichi. Ndiyo maana huu ubishi haujaisha tangu fani ianze 1979.

#12 Posa_kwa_Namba

Fani ilitambuliwa rasmi kama ubingwa 1979. Mafunzo yalianza 1970 pale Cincinnati, na rezidenti wa kwanza alikuwa Bruce Janiak, peke yake. Na wewe uko Ohio! Ungeijua historia ya jirani yako.

#13 Rezidenti_Ohio

Nimepokea.

#14 Nesi_Minnesota

Hamjambo. Mimi ni Mkenya, nimekuwa nesi wa idara ya dharura miaka kumi na moja, na nashangaa hakuna aliyetaja manesi. Nyinyi madaktari mnaulizana nyinyi kwa nyinyi.

Ukitaka kujua programu, uliza wagonjwa wangapi wamelala kwenye korido saa tisa usiku. Si wale wanaosubiri kuonwa, ni wale ambao tayari wamelazwa na wodini hakuna kitanda. Mahali nilipoanzia kazi, usiku mmoja tulikuwa na vitanda 40 na 27 kati yake vilikuwa na watu wa wodini. Rezidenti zamu nzima alikuwa anaona wagonjwa kwenye viti vya mapokezi. Nilimwona kijana anamshona mtu mkono akiwa amepiga goti sakafuni, mimi nimeshika taa ya simu. Kijana mzuri sana. Lakini alikuwa anajifunza nini pale zaidi ya uvumilivu?

Kwa hivyo Dokta, ukiwa na namba ya rezidenti yeyote wa C, muulize korido ikoje. Kisha muulize kama anajua majina ya manesi wake. Akianza kutafuta jibu, umeshajibiwa.

#15 Mtu_wa_Uvira

Mimi siyo daktari, niko Kentucky tangu 2016, nimesoma nikaona nami niseme.

Mama yangu aliugua tukampeleka dharura usiku. Mkalimani alikuwa wa simu, anazungumza Kiswahili cha pwani, kizuri, cha haraka. Mama akasema "moyo unanichafuka." Kwetu hiyo ni kutaka kutapika. Sijui mkalimani alisikia nini, daktari akafahamu ni moyo. Akapimwa moyo, akatolewa damu mara tatu, tukalala pale mpaka asubuhi. Mama akanishika mkono ananiuliza, "Nina ugonjwa wa moyo na hamniambii?" Ilikuwa ni tumbo.

Simlaumu daktari, alimpima kwa kufuata alichoambiwa. Ila siku ile kungekuwa na mtu mmoja anayesikia lugha, mama asingeogopa vile. Dokta ukija huku utakuwa na watu.

#16 Mbezi_Usiku

#15 pole sana kwa mama, natumaini yuko salama. Hata Dar tunasema moyo umechafuka, mtu anaomba ndimu anyonye. Nimesoma post yako mara mbili, nikamsomea na dada. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kusema kuhusu C nikashindwa.

#17 Bingwa_Mkavu

Samahani nitakuwa mkali kwa sababu nakutakia mema. Kupima moyo wa mama mtu mzima anayelalamika sehemu hiyo ni sahihi hata kama lugha ingeeleweka. Wapo wanawake wenye shambulio la moyo wanaokuja na kichefuchefu bila maumivu ya kifua.

Pili, usichague mahali pa kujifunzia kwa sababu wagonjwa wanaongea lugha yako. Nimeona rezidenti mwenzetu mmoja akigeuzwa mkalimani wa bure. Ana mgonjwa wake mahututi, anaitwa chumba cha saba atafsiri, kisha cha kumi na mbili. Wakati wenzake wanaweka mirija yeye anauliza watu wana mzio wa dawa gani. Jifunze kazi kwanza. Baadaye utakuwa na miaka thelathini ya kuwahudumia watu wako.

#18 Nesi_Minnesota

#17 kwa kichefuchefu uko sahihi. Kwa lugha sikubali. Hospitali inayopokea pesa za serikali kuu ina wajibu wa kutoa mkalimani. Rezidenti akifanywa mkalimani hilo ni kosa la uongozi, na ndilo la kuuliza: "Mna wakalimani wa ana kwa ana wa Kiswahili usiku, au ni simu?"

#19 Kifaru_Tabora

Swali la mtu wa nje. Si nilisikia nafasi 554 za fani hii zilibaki bila watu mwaka jana? Sasa dada ana wasiwasi wa nini, si zipo za kumwaga?

#20 Posa_kwa_Namba

554 ni ya 2023, kati ya nafasi 3,010. 2022 zilibaki 219. Mwaka jana 2024 zilishuka hadi 135. Kwa hiyo mlango uliofunguka umeanza kufungwa tena. Na nafasi kubaki haina maana kwamba programu iko tayari kumchukua daktari wa kutoka nje anayehitaji viza.

#21 Mwana_Intani

Zilibaki kwa nini lakini? Hii fani miaka ya nyuma si ilikuwa inagombewa?

#22 Deiwaka_Dallas

Ile ripoti ya 2021 ya ACEP, chama cha madaktari wa dharura wa Marekani. Walisema ikifika 2030 kutakuwa na mabingwa wa dharura karibu 7,800 wa ziada. Mwanafunzi mwenye deni la dola laki mbili akisoma hivyo anakimbilia usingizi au mionzi.

#23 Nesi_Minnesota

Ripoti wanasoma wachache. Wanafunzi walikuja idarani kwetu 2020 na 2021 wakaona tunavyovaa barakoa moja wiki nzima, wakaona tunavyotukanwa mapokezi. Waliona kwa macho yao, wakachagua kingine.

#24 Bingwa_Mkavu

Nafasi zenyewe ziliongezwa mno. Kampuni za hospitali zilifungua programu mpya kila kona kwa sababu rezidenti ni mfanyakazi wa bei nafuu. Waombaji walipungua huku viti vinaongezeka. Ukiangalia tofauti hiyo, 554 haishangazi hata kidogo.

#25 Rezidenti_Ohio

Na usaili wa video. Kabla ya 2020 mtu alipanda ndege, hakuweza kwenda kote. Sasa mwenye alama nzuri anafanya usaili kumi na tano bila kutoka kitandani, programu zote zinawaita walewale, zinaandika orodha fupi, mwisho zinabaki na viti. Mimi hili ndilo naliona kubwa kuliko yote.

#26 Deiwaka_Dallas

Fani zote zilifanya usaili wa video, mbona upasuaji haukubaki na viti? Narudi kwenye ripoti.

#27 Bingwa_Mkavu

Na ripoti ilipotoka, nani alikuwa ameshafungua viti vya kuzidi? Tunazunguka mulemule.

#28 Daktari_Upanga

Naomba nichafue hewa kidogo. Kwa nini Marekani? Muhimbili idara ya dharura ilifunguliwa 2010, na ubingwa wa fani hii MUHAS ulianza mwaka huohuo, miaka 3. Mimi nimepita hapo. Wagonjwa wa ajali za bodaboda ninaowaona wiki moja, mwenzangu wa huko atawaona baada ya miezi. Mirija ya kifuani nimeweka mpaka nimeacha kuhesabu. Kama kipimo ni "nani anashika mrija", jibu liko Upanga, na hulipii viza.

#29 Shangazi_Kijitonyama

Na wewe ulilipiwa ada na nani? Mwambie ukweli wote.

#30 Daktari_Upanga

Mwajiri, Shangazi. Na najua wengi hawana mwajiri wa kuwalipia, wanajisomesha kwa kupiga deiwaka hospitali binafsi usiku. Hilo nalikubali, na linaniuma. Kule rezidenti analipwa mshahara, hapa wengi wanalipa wao.

#31 Rezidenti_Ohio

#28 sikupingi. Ila Dokta, kuhusu viza tuongee wazi. J-1, ile viza ya mafunzo, inadai barua ya Wizara ya Afya ya nyumbani kuthibitisha kwamba fani inahitajika, anza kuifuatilia sasa maana inachukua muda. Ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani miaka miwili, au upate msamaha kwa kufanya kazi sehemu yenye upungufu wa madaktari. Ule msamaha unaoitwa Conrad, kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka. Kama nia ni kurudi, sharti hilo la miaka miwili halikusumbui.

#32 Mbezi_Usiku

Nia ni kurudi. Sisemi hivyo kuwafurahisha watu wa hapa.

#33 Posa_kwa_Namba

Basi tumalize na D. Programu mpya inayomilikiwa na kampuni, uliza fedha zao. 2019 hospitali ya Hahnemann pale Philadelphia ilifungwa na zaidi ya rezidenti 500 wakabaki wanatafuta pa kwenda katikati ya mafunzo. Mwenye viza ana siku chache kuliko wenzake. Sisemi D itafungwa. Ila kumbuka sheria ya orodha: usiandike mahali ambapo hungekubali kwenda. Ukiiandika, unaweza kupelekwa.

#34 Mbezi_Usiku, 3 Machi

Marejesho. Nilimpigia rezidenti wa mwaka wa tatu wa C, akapokea akiwa kwenye gari anatoka zamu ya usiku. Nikauliza ya #14. Korido usiku ule ilikuwa na wagonjwa tisa, akasema ukija wakati wa mafua wanafika ishirini. Manesi alinitajia watano na akaniambia nani ana mtoto mchanga. Nikauliza ya #3: koo ni letu siku zote, kifua wanapeana zamu na wapasuaji, siku ya shufwa sisi, siku ya witiri wao. Nikauliza ya #18: mkalimani wa Kiswahili wa ana kwa ana yupo mchana tu. Usiku simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hilo hatujalimaliza."

Rezidenti wa B naye nilimpata. Aliongea vizuri, lakini kila swali alijibu "tuna fursa nyingi." Ya korido aliniambia nimuulize mratibu.

Wa A ndiye aliyenitikisa. Alisema mwaka wa nne alikuwa peke yake na bingwa mmoja, wagonjwa wanane mahututi kwa wakati mmoja, na ndiyo siku aliyojua anaweza. Nimelala naifikiria.

D nimeifuta. C, A, B, halafu E, G, F. Nimethibitisha jana saa tano usiku.

#35 Shangazi_Kijitonyama

B ya tatu! Haya. Mungu akutangulie.

#36 Bingwa_Mkavu

Mimi ningeweka A ya kwanza na bado naamini hivyo. Ila umeuliza maswali sahihi. Kila la heri Dokta.

#37 Mbezi_Usiku, 17 Machi

Barua pepe imeingia nikiwa kazini, nimetoka kufunga kidonda cha dereva wa bajaji. Nimeifungulia stoo ya dawa. NIMEPATA NAFASI. Haisemi wapi. Leo wanakwambia umepata au hujapata tu, mahali ni Ijumaa.

#38 Kifaru_Tabora

Hongera sana dada! Ijumaa saa ngapi kwa saa zetu?

#39 Posa_kwa_Namba

Hongera Dokta. Saa sita mchana kule mashariki ya Marekani, na wameshasogeza saa zao mbele, kwa hiyo Dar ni saa moja usiku.

#40 Mtu_wa_Uvira

Mama ameuliza kama ni huku. Nimemwambia bado. Amesema sombe itapikwa vyovyote.

#41 Shangazi_Kijitonyama

Ijumaa umeme wa Mbezi ukikatika saa kumi na mbili usisubiri. Panda bajaji uje kwangu, jenereta ina mafuta.